Walipoachiwa huru walikwenda kukaa wapi?

Ndugu Mhariri,

Napenda kueleza habari za mtu mmoja wa zamani, ambaye mimi mwenyewe sikufundishwa habari zake hata chuo cha ualimu.

Majuzi nilikuwa nafundisha darasa la sita habari za kukomeshwa kwa utumwa. Nilipokwisha kuandika ubaoni mwaka 1834, msichana mmoja akanyoosha mkono, akauliza hao watumwa walipoachiwa walikwenda kukaa wapi. Sikuwa na jibu. Nilimwahidi nitalitafuta, na nimelipata katika maisha ya Samuel Jackman Prescod wa kisiwa cha Barbados, huko Karibi.

Prescod alizaliwa mwaka 1806. Mama yake, Lydia Smith, alikuwa mwanamke huru mwenye asili ya Kiafrika. Baba yake alikuwa Mzungu tajiri mwenye mashamba ya miwa. Kwa hiyo Prescod hakuwa mtumwa, lakini kwa sababu ya rangi yake hakuruhusiwa kupiga kura. Yeye na wenzake walidai haki hiyo, na mwaka 1831 watu huru wasio Wazungu waliokuwa na mali wakaipata. Wengine wangeridhika hapo na kukaa kimya. Yeye hakukaa kimya.

Tarehe 1 Agosti, 1834 Uingereza ilikomesha utumwa katika makoloni yake ya Karibi. Barbados peke yake walikuwako watumwa zaidi ya 80,000. Lakini waliofanya kazi mashambani walilazimishwa kuendelea kuwatumikia mabwana wale wale zaidi ya saa 40 kwa wiki bila mshahara. Hali hiyo ilikwisha tarehe 1 Agosti, 1838.

Hapa ndipo lilipo jibu la mwanafunzi wangu. Wengi wao hawakwenda popote. Karibu ardhi yote ya kisiwa ilikuwa mali ya mabwana, hata pale vilipojengwa vibanda vyao. Sheria iliyotungwa ilimfunga kibarua na shamba alilokaa. Akiacha kazi, anatolewa nyumbani, au anapelekwa jela. Mtu ambaye paa lake ni la tajiri wake hawezi kukataa ujira mdogo.

Prescod aliliona jambo hilo mapema, akalipiga vita kwa kalamu. Kwa miaka ipatayo 25 alikuwa mhariri wa gazeti la The Liberal, akitetea vibarua na watu wasio na kura. Kwa maandishi hayo alishitakiwa kwa kashfa, akaionja jela. Alipotoka aliendelea kuandika. Mwaka 1840 alihudhuria London mkutano mkubwa wa kupinga utumwa duniani. Tarehe 6 Juni, 1843 wapiga kura wa Bridgetown walimchagua kuingia Bunge la kisiwa, akawa mtu wa kwanza mwenye asili ya Kiafrika kukaa humo.

Hakushinda yote. Alipofariki mwaka 1871, kura ilikuwa bado ya wachache wenye mali. Uchaguzi wa kwanza wa watu wazima wote ulifanyika mwaka 1951. Mwaka 1998 Barbados ilimtangaza kuwa mmoja wa mashujaa wa taifa.

Ndugu Mhariri, habari hizi zimenigusa kwa sababu yangu mwenyewe. Baba yangu alikuwa mkata mkonge, nasi tulikaa katika nyumba ya kambi ya shamba. Alipoumia mgongo akashindwa kukata, tulipewa siku saba tuondoke. Nilikuwa darasa la nne. Nakumbuka mama akibeba godoro kichwani, na baba akitazama chini, yeye aliyekata mkonge miaka kumi na minne. Hapakuwa na mtu wa kuandika habari zetu, wala sisi hatukujua kwamba zinaweza kuandikwa.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu, tusiwaachie watoto mwaka 1834 ubaoni kama kwamba hadithi imekwisha hapo. Tuwaeleze pia yaliyofuata. Na wewe Ndugu Mhariri, usichoke kutupa nafasi sisi wa vijijini, maana mnyonge asiyesikika ni rahisi kutolewa nje.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Korogwe, Tanga.