Habari za Charles Simeon, Mwanafunzi wa Cambridge

Tukumbukapo mwanzo wa kazi ya Injili katika pwani yetu, twalitaja sana jina la Krapf, aliyefika Mombasa mwaka wa 1844. Chama kilichomtuma, yaani C.M.S., kilianzishwa London mwaka wa 1799, na miongoni mwa waliokianzisha alikuwamo kasisi ambaye habari zake zawafaa hasa walimu na wanafunzi wetu. Huyo ni Charles Simeon.

Alizaliwa mjini Reading, Uingereza, mwaka wa 1759. Alipoingia King's College, Cambridge, mwezi wa Januari 1779, alikuwa kijana mpenda mavazi na farasi, tena mwepesi wa hasira. Siku chache baadaye mkuu wa chuo akampelekea habari kwamba, kwa sheria ya chuo, imempasa kushiriki Chakula cha Bwana baada ya majuma matatu. Kwa wengi hiyo ilikuwa desturi tu. Yeye alishikwa na hofu, maana alijiona hastahili kabisa. Akanunua kitabu cha dini, kile pekee alichopata kusikia jina lake. Akasoma, akafunga, akalia, hata akaugua. Na tuangalie vema: kufunga kule hakukumpa amani. Amani ilikuja katika Juma la Mateso, aliposoma jinsi Wayahudi walivyoweka dhambi zao juu ya kichwa cha mnyama wa sadaka, akafahamu ya kuwa naye aweza kumtwika Bwana Yesu dhambi zake. Asubuhi ya Pasaka, tarehe 4 Aprili, aliamka amejaa furaha.

Tangu hapo sheria za maisha zikaanza kumfaa, kwa kuwa alizishika kama mwana wa nyumba, si kama mtumwa aogopaye fimbo. Jumapili jioni aliwakusanya watumishi wa chuo chumbani mwake, akawafundisha na kusali nao.

Lililomshinda ni kitanda. Alikusudia kuamka mapema asali, lakini wakati wa baridi usingizi ulimzidi nguvu. Yasimuliwa kwamba alijitoza faini: kila achelewapo, atampa fedha kidogo mwanamke aliyemtandikia. Asubuhi moja, akiwa bado amejifunika, akajikuta akiwaza ya kuwa mama huyu ni maskini, basi kuzidi kulala ni kumsaidia! (Kweli moyo ni wakili hodari.) Akaapa kwamba akichelewa tena atatupa gini, yaani shilingi 21, katika mto Cam. Alichelewa mara moja, akaenda akaitupa. Baadaye alizoea kuamka saa kumi ya alfajiri, akawasha moto mwenyewe, akawa katika sala na Maandiko mpaka saa mbili.

Nguvu hizo alizihitaji. Mwaka wa 1782 alipewa Kanisa la Holy Trinity mjini humo, na watu hawakumtaka. Wenye viti walivifunga kwa kufuli kwa miaka mingi. Wasikilizaji wakasimama njiani, na mabenchi aliyoyanunua kwa fedha yake yakatupwa nje uani. Wanafunzi wakamzomea. Yeye akavumilia miaka 54 katika kanisa lilelile. Siku za Ijumaa aliwaalika wanafunzi chai, wakamwuliza maswali. Henry Martyn, aliyekwenda Bara Hindi mwaka wa 1805, alikuwa msaidizi wake.

Alifariki tarehe 13 Novemba 1836. Siku ya maziko yake maduka ya Cambridge yalifungwa, naye akazikwa katika kanisa la chuo chake.