Karani Aliyelipa Ili Asikilizwe

Wiki hii nataka tumtazame mtu ambaye hakuwa mhubiri, na sitajaribu kumgeuza awe mhubiri. Alikuwa mfanyabiashara. Jina lake ni Heinrich Schliemann, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1822 na kufariki 1890. Wanaomjua wengi wanamjua kwa sababu ya Troy, ule mji wa hadithi za Wagiriki wa kale ambao alienda kuuchimba kule Uturuki wakati wasomi wengi walisema ni ngano tu. Mimi lakini sikuvutwa na Troy. Nilivutwa na miaka yake ya Amsterdam, alipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, hana pesa, hana shule ya maana, akajifundisha lugha moja baada ya nyingine mpaka watu wazima wenye mali wakaanza kumtuma kazi zao.

Namleta kwenu kwa sababu nawajua. Kuna wauguzi wetu wanaosoma Kijerumani jioni wakitoka zamu, wapate kazi Ujerumani. Kuna vijana wanaotafuta Kiarabu kabla ya kusafiri Ghuba. Na karibu wote wananiambia neno lile lile: Pasta, nikisoma naelewa, lakini mtu akiniuliza swali mdomo unakuwa mzito. Kuna waliolipa ada ya mtihani na siku yenyewe hawakutokea. Jameni, hiyo ada si pesa ya maandazi.

Sasa, huyu Schliemann alikuwa mtoto wa mchungaji. Baba yake alichunga parokia ndogo kijijini Ankershagen, kaskazini mwa Ujerumani. Mama alifariki Heinrich akiwa na miaka tisa. Baada ya hapo baba akaingia katika kashfa, ikiwemo tuhuma za pesa za kanisa, na akasimamishwa kazi. Wale mnaolea watoto wa wengine mnajua kashfa ya mzazi humfikia nani kwanza. Kijana alitolewa shule ya wale wanaoelekea chuo kikuu akapelekwa shule ya kawaida, na akiwa na miaka 14 akawekwa kazi katika duka la rejareja mji wa Fürstenberg. Aliuza samaki wa chumvi, siagi, maziwa, sukari, mishumaa na pombe ya viazi. Alifungua saa kumi na moja asubuhi na kufunga saa tano usiku, kwa miaka mitano na zaidi.

Jioni moja, anasimulia mwenyewe, aliingia dukani msaga unga mlevi. Huyu mlevi naye alikuwa mtoto wa mchungaji, aliwahi kusoma vizuri kabla ya kuharibikiwa. Akaanza kukariri mashairi ya Homer kwa Kigiriki, kama mistari mia moja hivi. Kijana hakuelewa hata neno moja, lakini alilia. Akatoa senti chache alizokuwa nazo, akamnunulia yule mlevi glasi tatu ili ayarudie mara tatu. Tangu siku hiyo, anasema, alikuwa akimwomba Mungu ampe neema ya kujua Kigiriki siku moja. Lieni naye kidogo kisha muweke hilo ombi kando, tutalirudia.

Kutoka dukani kulikuja kwa njia ya ajali. Aliinua pipa zito, kifua kikaumia, akatema damu, kazi ikaisha. Akaenda Hamburg, akapata nafasi katika meli ya kwenda Venezuela. Meli ilivunjika karibu na pwani ya Uholanzi, Desemba 1841. Ndivyo alivyofika Amsterdam, bila mpango wowote wa kufika Amsterdam.

Alipata kazi ya tarishi katika ofisi ya wafanyabiashara. Kupiga mihuri hati za malipo na kupeleka barua posta, basi. Mshahara ulikuwa faranga 800 kwa mwaka, na nusu yake nzima aliitia katika masomo. Mimi nilisoma biashara chuoni na sikumbuki mhadhiri yeyote aliyetuambia tutie nusu ya mshahara mahali pamoja. Lakini tazama ile nusu nyingine aliiendeshaje: chumba cha darini kisicho na moto wakati wa baridi, uji asubuhi, na chakula cha mchana cha senti chache tu. Alijua bei ya kitu alichokuwa anakinunua.

Kitu cha kwanza alichokinunua hakikuwa lugha. Kilikuwa mwandiko. Alilipia masomo 20 kwa mwalimu wa mwandiko, kwa sababu enzi hizo mwajiri aliona mkono wako kabla ya kukuona wewe. Ndipo akaingia Kiingereza.

Njia yake ndiyo ninayotaka tuikalie. Alisoma kwa sauti, sana, na hakufanya tafsiri. Kila siku alitenga saa moja ya somo. Aliandika insha fupi juu ya mambo yaliyomvutia yeye mwenyewe, mwalimu akazisahihisha, kisha akazikariri zile zilizosahihishwa na kuzisema kwa kichwa somo lililofuata. Angalieni vizuri hapo: alichokariri ni maneno yake mwenyewe yakiwa yamenyooshwa, kwa hiyo siku akiulizwa juu ya mambo hayo, jibu lilikuwa limeshakaa mdomoni. Kumbukumbu yake, anakiri, ilikuwa dhaifu kwa kukosa mazoezi, kwa hiyo aliiba dakika popote: akitumwa alienda na kitabu mkononi hata kwenye mvua, na akisimama foleni ya posta alikuwa anasoma.

Na Jumapili? Alienda mara mbili katika kanisa la Waingereza pale mjini, akakaa akimsikiliza mhubiri, na kila neno la mahubiri akalirudia kwa sauti ya chini. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Wahubiri hujiuliza kila wiki nani anashika neno hata moja, na kumbe palikuwa na tarishi aliyeyashika yote, japo kwa sababu zake. Lakini ni mazoezi mazuri ajabu. Mhubiri hasemi na wewe, kwa hiyo hakuna wa kukucheka. Anasema polepole na wazi. Na wewe unaufuata mdomo wake. Leo walimu wa lugha wanawafundisha wanafunzi karibu kitu hicho hicho kwa kutumia simu.

Kwa maelezo yake, Kiingereza kilimchukua miezi sita, Kifaransa miezi sita mingine, kisha Kiholanzi, Kihispania, Kiitaliano na Kireno wiki sita kwa kila moja. Hizo wiki sita nazichukua kwa tahadhari, na nitasema kwa nini. Lakini matokeo yanaonekana katika ajira. Mwezi Machi 1844 aliingia kampuni kubwa ya B. H. Schröder pale pale Amsterdam kama karani wa barua na hesabu, kwa faranga 1,200, na hazikukaa sana zikafika 2,000. Mwaka huo huo, kwa taarifa yenu, Mjerumani mwingine, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa naye akaanza kujifunza Kiswahili ukubwani. Huyo ana habari yake, iko siku nitaileta.

Kwa Schröder akaona pengo. Kampuni ilifanya biashara ya nili, ile rangi ya buluu ya vitambaa, na wanunuzi wakubwa walikuwa Warusi. Hakuna aliyejua Kirusi ofisini. Alitafuta mwalimu Amsterdam nzima akakosa. Hata naibu balozi mdogo wa Urusi alikataa kumfundisha. Alipata kitabu cha zamani cha sarufi, kamusi, na tafsiri mbovu ya kitabu ambacho tayari alikikariri kwa Kifaransa. Akaanza peke yake. Akaandika insha, akazikariri, na hakuna wa kumsahihisha.

Hapo ndipo alipofanya jambo lililonifanya niandike makala haya. Aliona kwamba kusema peke yake chumbani hakutoshi, anahitaji mtu mbele yake. Akamtafuta Myahudi mmoja maskini, akamlipa faranga nne kwa wiki, aje kila jioni kwa saa mbili, akae, amsikilize akikariri Kirusi. Yule mtu hakujua silabi moja ya Kirusi! Kazi yake ilikuwa kuwa na masikio tu. Na Schliemann alikariri kwa sauti kubwa kiasi kwamba wapangaji wa juu na chini, kwa vile sakafu zilikuwa mbao nyembamba, walilalamika kwa mwenye nyumba. Alilazimika kuhama mara mbili.

Mtu wa hesabu angeuliza, faranga nne zilinunua nini hasa? Si maarifa, kwa sababu msikilizaji hakuwa nayo. Mimi nadhani zilinunua kitu ambacho wauguzi wetu wanakikosa: uso wa mtu. Ile hofu ya kusema haiko kwenye sarufi, iko pale macho ya mwingine yanapokuangalia. Schliemann alizoea kuangaliwa kwanza, kwa mtu asiyeweza kumhukumu, jioni baada ya jioni, kabla hajakutana na Mrusi hata mmoja. Sisi tunafanya kinyume. Tunajificha na kitabu miezi minane, halafu mtu wa kwanza kutuangalia tukisema ni mtahini.

Mimi najisomea Kifaransa, kwa ajili ya ndugu zetu kutoka Kongo wanaoabudu nasi, na tangu Januari nimekuwa nikimsomea mlinzi wetu wa usiku ukurasa mmoja kabla sijaenda nyumbani. Hajui Kifaransa. Ananywa chai yake, ananitazama. Nikisita, ananiambia endelea. Simlipi faranga nne, lakini sukari ya chai ni yangu.

Baada ya wiki sita Schliemann aliandika barua yake ya kwanza ya Kirusi kwa wakala wa wafanyabiashara wa nili wa Moscow, na Warusi walipokuja Amsterdam kwenye mnada aliweza kuzungumza nao. Januari 1846 kampuni ikamtuma St. Petersburg kama wakala wake. Alikuwa na miaka 24. Huko akatajirika kwa nili, na wakati wa vita vya Crimea akatajirika zaidi.

Na lile ombi la Kigiriki? Aliliahirisha kwa makusudi. Aliogopa kwamba akikigusa Kigiriki kitamteka na biashara itaanguka. Alikianza mwaka 1856, akiwa na miaka 34. Alichukua riwaya ya Kifaransa aliyoijua kwa moyo, akatafuta tafsiri yake ya Kigiriki cha kisasa, akafuata neno kwa neno bila kamusi. Kutoka hapo akapanda hadi Kigiriki cha kale, na hatimaye akamsoma Homer. Mmoja wa walimu wake wa Kigiriki, Theokletos Vimpos, baadaye alikuwa askofu mkuu, na ndiye aliyemtafutia mke kule Athens.

Nikiishia hapo nitakuwa nimewauzia bidhaa nusu. Mke huyo alikuwa wa pili. Wa kwanza, Mrusi, waliachana. Katika uchimbaji wa Troy alikuwa na haraka, akabomoa sehemu za miji ya kale ambazo hakuna atakayezirudisha. Na alitia chumvi. Wachunguzi waliosoma shajara zake wamekuta mambo ambayo hayawezi kuwa yalitokea vile alivyoandika. Ndiyo maana nasema zile wiki sita zake zisimvunje moyo mtu. Aliyejifunza kwa miaka miwili hajashindwa na Schliemann. Huenda ameshindana na hadithi tu.

Lakini lugha hazikuwa hadithi. Shajara zake 18 ziko Athens, katika maktaba ya Gennadius, na zimeandikwa kwa lugha nyingi, kwa kuwa aliposafiri alipenda kuandika kwa lugha ya nchi aliyokuwamo. Kuna pia maelfu kwa maelfu ya barua. Yule mtoto wa dukani alijijengea jumba Athens, ambalo leo ni makumbusho ya sarafu, na watoto aliowapata na mke Mgiriki akawapa majina kutoka kwa Homer, binti Andromache na mvulana Agamemnon. Alifariki Napoli tarehe 26 Desemba 1890, akiwa njiani kurudi kwao. Walimzika Athens.

Kuanzia wiki ijayo, Alhamisi baada ya maombi ya mchana, chumba cha shule ya Jumapili kitakuwa wazi kwa saa moja. Njoo na kitabu chako cha lugha yoyote ile. Kina mama wa ushirika wamekubali kukaa na kusikiliza, na nimewahakikishia hakuna anayetakiwa kuelewa.