Degner, usajili uliobeba siri za injini

KUNA mchezaji anahama timu, na kuna anayehama na daftari la kocha. Ernst Degner alikuwa wa pili.

Mjerumani huyo aliyezaliwa 1931 aliiendeshea MZ ya Ujerumani Mashariki, ambako fundi Walter Kaaden aliipa makali injini ya tu-stroki. Septemba 1961, Grand Prix ya Sweden, alikuwa anaongoza msimamo wa sisi 125. Injini ikamfia mapema, na ubingwa ukaishia kwa Tom Phillis wa Honda. Degner hakurudi kwao. Alitimkia Magharibi na familia yake, akatua Suzuki na siri za Kaaden. 1962 akatwaa ubingwa wa dunia wa sisi 50, wa kwanza kwa Suzuki.

Tu-stroki haina huruma na uvujaji. Fundi wa Bugarama mwenye pikipiki ya zamani anajua: chemba ya krenki ndiyo pampu. Sili ya upande wa magneti ikivuja, inavuta hewa; mlio unapanda wenyewe, plagi inakuwa nyeupe, pistoni inakwama. Ya upande wa klachi ikivuja, inanyonya oili ya gia, moshi unajaa. Ziba matundu, jaza upepo kidogo, paka povu la sabuni: linapochemka ndipo panapovuja. Pistoni mpya bila sili mpya ni hasara.

Novemba 1963 Degner alianguka Suzuka, akaungua vibaya. Alifariki 1983, Tenerife. Kona moja ya Suzuka bado inaitwa Degner.