MZUNGU ALIYEPIGA HEMA KIJIJINI

Mpenzi msomaji, ukitaka kujua jinsi watu wanavyoishi, utawauliza maswali au utakaa nao? Bronislaw Malinowski alikaa nao.

Alizaliwa mwaka wa 1884 mjini Kraków, sehemu ya Poland iliyokuwa chini ya Austria. Jambo hilo lilimletea balaa na bahati pia. Mwaka wa 1914 alikuwa ziarani Australia Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, na kwa kuwa alikuwa raia wa Austria, alihesabiwa adui. Hata hivyo hakufungiwa. Aliruhusiwa kwenda kufanya utafiti huko Papua, na ndivyo alivyofika visiwa vya Trobriand.

Siku hizo watafiti wengi waliketi barazani kwa maafisa wa serikali, wenyeji wakaitwa na kuhojiwa kupitia mkalimani. Malinowski yeye alipiga hema kijijini Omarakana. Kati ya 1915 na 1918 aliishi visiwani humo kwa jumla ya kama miaka miwili, akajifunza lugha yao hadi mkalimani akakosa kazi! Akitoka hemani asubuhi aliwaona watu wakipika, wakigombana, wakienda shambani. Mwanzoni walimshangaa, halafu wakamzoea, na mtu akishazoewa watu hawajifichi tena.

Hebu tazama alichokiona. Wavuvi walipovua katika maji ya ndani yaliyotulia, hawakufanya uganga wowote. Walipokwenda bahari kuu, kwenye hatari na bahati nasibu, uganga ulikuwa mwingi kwelikweli. Mtu wa kupita njia angesema ati watu hawa ni washirikina tu, basi. Malinowski aligundua kwamba uganga ulianza pale ujuzi wao ulipofika mwisho.

Aliona pia desturi ya kupeana mikufu na bangili za kombe kutoka kisiwa hadi kisiwa. Desturi hiyo huitwa kula, na bangili zenyewe huitwa mwali. (Msicheke, si Kiswahili!) Mikufu ilizunguka upande mmoja, bangili upande wa pili. Aliieleza katika kitabu cha mwaka wa 1922 kilichompa sifa kubwa.

Baadaye alikuwa profesa mjini London. Katika miaka ya 1930 mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Jomo Kenyatta, aliyeandika juu ya mila za Wagikuyu katika kitabu kilichotoka mwaka wa 1938. Malinowski ndiye aliyeandika utangulizi wake. Kenyatta hakuhitaji hema wala mkalimani, kwani alikuwa akieleza habari za kwao.

Malinowski alifariki Marekani mwaka wa 1942. Mwaka wa 1967 shajara yake ya siri ilichapishwa, na wasomaji wakashtuka. Ndani yake aliandika jinsi alivyochoshwa na wanakijiji, na hata kuwatukana. Mimi naona vitabu vyake bado vina faida. Lakini wale watu walimpa nafasi katikati ya nyumba zao, wakamfundisha lugha yao, na usiku yeye alikuwa akiwasema ndani ya hema.