Damu ya Livingstone na vipimo ambavyo hakuvipata

Wengi wetu tulimsoma David Livingstone darasani kama mmisionari na mpelelezi. Wiki hii naomba umtazame kama mgonjwa, kwa sababu tatizo lake linakuhusu wewe na watoto wako, uwe Naipingo, Nachingwea mjini au Ruangwa.

Livingstone alizaliwa Machi 19, 1813, huko Blantyre, Uskoti. Akiwa na miaka 10 alianza kazi kwenye kiwanda cha pamba, na usiku akasoma. Alisomea udaktari Glasgow, akafuzu mwaka 1840, na mwaka uliofuata alikuwa Afrika Kusini. Mwaka 1844 simba alimvunja mfupa wa mkono wa kushoto, nao haukuunga vizuri. Mwaka 1862 mkewe, Mary, alifariki kwa homa huko Shupanga, kando ya mto Zambezi.

Mwenyewe aliugua malaria mara nyingi, akaitibu kwa vidonge vyenye kwinini. Lakini alikuwa na ugonjwa mwingine ambao watu wengi huuonea haya: bawasiri iliyotoa damu kila alipojisaidia. Aliporudi Uingereza mwaka 1864 alishauriwa afanyiwe upasuaji. Alikataa, ingawa alikuwa daktari.

Machi 1866 alishuka Mikindani, akafuata bonde la Ruvuma kuelekea Ziwa Nyasa, akipita kusini mwa Masasi na Nachingwea. Januari 1867 wapagazi waliotoroka waliondoka na sanduku lake la dawa. Kuanzia hapo homa, kuharisha na kutokwa damu vilimwandama. Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871 akiwa amedhoofu. Alipata dawa na chakula, akapata nafuu, lakini akakataa kurudi kwao. Mwanzoni mwa 1873, katika mvua na matope ya Bangweulu, damu ilimtoka kwa wingi hadi akashindwa kutembea, akabebwa kwa machela. Alifariki mwanzoni mwa Mei kijijini kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia.

Wenzake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliamua kuupeleka mwili pwani. Farijala, aliyewahi kumtumikia daktari Zanzibar, aliufungua. Upande wa kushoto wa tumbo walikuta bonge la damu iliyoganda, kubwa kama kiganja cha mtu mzima. Moyo na viungo vya ndani walivizika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha juani kwa takriban wiki mbili, kisha wakaubeba hadi Bagamoyo. Huko London alitambuliwa kwa ule mfupa uliovunjwa na simba, akazikwa Aprili 18, 1874.

Leo mgonjwa kama huyo angeanza kwa kutolewa damu kidogo mkononi. Kipimo cha kwanza ni picha kamili ya damu. Kinaonyesha wingi wa damu, pamoja na chembe sahani, yaani chembe ndogo zinazokimbilia kwenye jeraha na kuliziba. Malaria inaweza kuzipunguza chembe hizo. Kwinini pia, kwa watu wachache.

Vinafuata vipimo viwili vya muda wa kuganda. Maabara huichanganya sehemu ya maji ya damu na dawa maalumu, kisha huhesabu sekunde hadi igande. Kimoja hurefuka zaidi ini likichoka, vitamini K ikipungua au mtu akitumia warfarini. Kingine hurefuka kwa mtoto mwenye hemofilia, hata kama kile cha kwanza ni cha kawaida. Ndiyo maana kimoja peke yake hakitoshi.

Kipo pia kipimo cha D-daima. Bonge la damu likishajengeka, mwili huanza kulimeng'enya, na mabaki yake huelea kwenye damu. Kipimo hiki hupima mabaki hayo. Kikiwa chini kwa mtu ambaye daktari ameona dalili zake ni hafifu, bonge kwenye mguu au mapafu huwa halitarajiwi. Kikiwa juu, usifadhaike: ujauzito, maambukizi, upasuaji na umri mkubwa pia hukipandisha. Hapo hufuata picha ya mguu au kifua.

Mzazi, nakuomba jambo moja kabla ya msimu wa jando. Kama mwanao huvimba magoti au viwiko bila kuumia, huvia damu ovyo, au alitokwa damu siku nyingi baada ya kung'oa jino, mpeleke hospitali kwanza. Fanya hivyo pia kama mjomba wake upande wa mama alikuwa hivyo, au kama kuna mtoto wa kiume katika ukoo aliyefariki kwa damu baada ya kutahiriwa. Hemofilia hurithiwa kupitia kwa mama, ambaye mara nyingi haonyeshi dalili. Kama hospitali ya wilaya haina kipimo, omba rufaa. Muhimbili ipo kliniki ya ugonjwa huu. Wakati unasubiri, usimpe aspirini wala diklofenaki.

Na wewe mtu mzima unayeona damu chooni, usiseme ni bawasiri tu ukanyamaza. Huenda ni bawasiri kweli, na inatibika. Huenda ni kitu kingine kwenye utumbo. Mguu mmoja ukivimba na kuuma ghafla, au pumzi ikikatika na kifua kuchoma, usingoje asubuhi.

Livingstone alikuwa mbali na maabara, na vipimo hivi vilikuwa havijavumbuliwa. Wewe unavyo. Mweleze daktari yote, hata lile unaloliona la aibu.