Umbo Dogo Si Upungufu

Huku Nyeri, Karatina na Nanyuki, wako wachaguzi wa timu za vijana za kandanda ambao humpima mchezaji kwa kimo na upana wa mabega kabla hajagusa mpira. Wenye mazoea hayo na wayatazame maisha ya John White wa Uskoti.

White alizaliwa mwaka wa 1937 mjini Musselburgh, karibu na Edinburgh. Alipokuwa kijana, klabu za Rangers na Middlesbrough zilimkataa kwa sababu ya udogo wa mwili wake. Akajiunga na Alloa, klabu isiyo na jina kubwa, kisha akahamia Falkirk mwaka wa 1958. Mwaka uliofuata aliichezea Uskoti kwa mara ya kwanza, akaifunga Ujerumani Magharibi katika dakika ya kwanza.

Bill Nicholson, meneja wa Tottenham Hotspur, naye aliutilia shaka wembamba huo. Lakini hakuamua kwa macho; aliuliza jeshini, ambako White alikuwa amehudumu, akaarifiwa kwamba kijana huyo alikuwa hodari wa mbio za nyika. Oktoba 1959 alimnunua kwa pauni 22,000.

Hakujuta. Mwaka wa 1961 Tottenham ilitwaa ubingwa wa ligi pamoja na Kombe la FA, klabu ya kwanza ya Uingereza kufanya hivyo katika karne ya 20. Mwaka wa 1962 ilitwaa tena Kombe la FA. Mwaka wa 1963, mjini Rotterdam, iliilaza Atlético Madrid mabao 5-1 katika fainali ya Kombe la Washindi barani Ulaya, na White akafunga bao moja. Mashabiki walimwita Mzuka, kwani alitokea penye nafasi bila walinzi kumwona akija.

Tarehe 21 Julai 1964, mvua ilimkuta kwenye uwanja wa gofu kaskazini mwa London. Alijikinga chini ya mwaloni, radi ikamuua. Alikuwa na umri wa miaka 27, naye alikuwa ameichezea nchi yake mara 22.

Maisha ya mchezaji ni mafupi hata pasipo radi. Kila msimu ambao kijana hunyimwa kwa sababu ya umbo lake haurudi. Nyeri, iliyomlea Catherine Ndereba, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka wa 2003 na 2007, haina udhuru wa kudharau wembamba. Mchaguzi na ampe kijana mpira kwanza, ndipo amhukumu.