Ibn Sina na Tando za Ubongo

Abu Ali Husein bin Abdallah bin Sina alizaliwa Afshana, karibu na Bukhara, mwaka 370 wa Hijra (980). Alikwisha kuhifadhi Qur'ani alipotimia miaka 10, kisha akasoma fiq-hi, mantiki na utabibu. Amiri Nuh bin Mansur alipougua, kijana huyo aliitwa pamoja na matabibu wakubwa, na kwa sababu hiyo akaruhusiwa kuingia katika hazina ya vitabu vya ufalme.

Hakupata utulivu. Alihama mji baada ya mji. Hamadhan akawa waziri, askari wakamwasi, na baadaye akafungwa ngomeni kiasi cha miezi minne. Pamoja na misukosuko yote hiyo alitunga Qanun, vitabu 5, na katika cha 3 akaeleza maradhi ya viungo tangu kichwani hadi miguuni.

Humo ameitaja sirsamu. Ubongo umefunikwa na tando: nzito iliyo upande wa mfupa, na nyembamba iliyoushika ubongo wenyewe, nazo huteremka pamoja na uti wa mgongo. (Matabibu wa leo huhesabu tatu, ya kati huiita ya buibui.) Mafakihi wetu nao waijua habari hii, kwani jeraha la kichwa lifikalo mfuko huo ndilo maamuma, na fidia yake ni thuluthi ya dia. Basi Ibn Sina akapambanua: yuko mgonjwa apayukaye kwa kuwa tando zenyewe zimefura, na yuko apayukaye kwa homa iliyotoka penginepo mwilini.

Maradhi ya tando hizo ndiyo tuitayo leo homa ya uti wa mgongo: homa kali, kichwa kuuma, shingo kukakamaa, kupayuka, pengine na degedege. Yaweza kuua kwa siku moja. Na bado wako wazazi wa Kiislamu wanaomfukiza mtoto ubani kwa kudhani ana pepo, hata wakati ukapita! Mfugaji wa Kimasai, pande za Kajiado na Kitengela, amwonapo kondoo azunguka mahali pamoja, huijua ormilo. Na akipasua kichwa hukuta kifuko cha maji katika ubongo, kiletwacho na mnyoo wa mbwa. Yeye aitafuta sababu kichwani mwa kondoo, na sisi twaitafuta kuzimuni kwa watoto wetu. Kumsomea mgonjwa ni jambo la sharia, wala hakuzuii kupelekwa hospitali saa ile ile.

Atasema mtu kuwa Imam Ghazali alimkufurisha Ibn Sina. Naam, katika masiala 3 ya falsafa, na katika hayo sisi tu pamoja na Ghazali. Lakini Ghazali huyo huyo ameuhesabu utabibu kuwa fardhi kifaya, akawalaumu Waislamu wa zama zake kwa kuwaachia wengine kazi hiyo.

Mwisho Ibn Sina alishikwa na maradhi ya tumbo. Dawa ziliposhindwa aliziacha, akatubu, akatoa sadaka, akawaacha huru watumwa wake, akawa akikhitimu Qur'ani kila siku tatu, mpaka akafariki Hamadhan, mwezi wa Ramadhani mwaka 428 (1037). Kaburi lake liko huko.